Kibuyu cha Baba Mkwe

Watu wa hapa kwetu wananicheka. Mzee yeyote akikaa kibarazani kwangu, kabla sijamuuliza hata habari za nyumbani, namwambia, "Hebu toa ulimi." Wanasema bibi huyu ameanza unesi uzeeni. Kuna mmoja wa rika langu aliniambia mbele za watu kwamba nikimwagiza tena atoe ulimi, ataupeleka kwa mwanamke mwingine. Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Lakini ulimi alitoa, nikauona umekauka, nikamletea maji na nikasimama pale pale mpaka akamaliza. Sikumwambia kwa nini nasimama.

Mimi ni mzaliwa wa Rugera, huku Karagwe. Wazazi wangu walitoka Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, wakaja kupalilia kahawa za watu. Tulikuwa vibarua, hilo halina kificho. Kanisani tulikaa benchi moja na wenye mashamba, tukaimba wimbo mmoja, ila tukitoka nje kila mtu alishika njia yake. Kwa hiyo kijana mmoja wa Nyakakika, mtoto wa mwenye kahawa, aliposema ananitaka mimi na si mwingine, baba yake aliuliza swali moja tu: "Mtoto wa vibarua atanipikia nini mimi?" Neno hilo lilinifikia hata kabla ya posa. Nililimeza, nikaolewa nalo tumboni.

Baada ya ndoa hakulirudia tena. Haki yake nimpe. Alikula nilichopika, akanawa mikono, akanyamaza. Baya hakuniambia na zuri hakuniambia. Na mimi nisingeweza kumuuliza, kwa sababu kwetu mkamwana na baba mkwe wana mipaka yao. Humtazami machoni. Humtaji jina, hata ukiwa peke yako shambani. Huketi kwenye kiti chake. Kitu hakitoki mkononi mwako kikaingia mkononi mwake. Unakiweka chini, unarudi nyuma, unapiga magoti, unasema, "Karibu, baba," kisha unaondoka zako. Kumgusa ndiyo usiseme kabisa. Niliyakuta hayo, nikayafuata, na wala sikuyaona mazito. Niliona ni heshima, na nilitaka sana aone kwamba mtoto wa vibarua ana heshima kuliko hao binti za wenye kahawa.

Kisha mzee akaanguka. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya vita na Uganda kwisha, wakati sukari na sabuni unazitafuta kwa tochi. Alikuwa shambani anaegemeza mgomba kwa mti, maana mkungu ulikuwa mzito, mti ukateleza, naye akaanguka na kuumia nyonga. Mtaalamu wa mifupa wa kijijini alimfunga, akamkanda, lakini mzee hakutembea tena peke yake. Kusimama ilikuwa lazima ashikwe makwapani. Kuchuchumaa ndiyo kabisa, bila mtu hawezi.

Mama mkwe alikuwa amefariki zamani. Mume wangu alikuwa fundi mwashi Bukoba, anakuja anapopata nafasi. Nyumbani tulibaki mimi, mtoto wangu aliyekuwa anatambaa, mzee, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye alikuwa hajaoa. Shemeji ndiye aliyemshika baba yake. Alfajiri anampeleka chooni nyuma ya migomba, anamrudisha, anamkalisha kwenye kiti chake uani. Halafu anashika kikapu anakwenda kuchuma kahawa, maana ndio ulikuwa msimu, na kahawa ikiiva haimsubiri mtu. Anarudi jioni, anampeleka chooni tena, anamlaza. Katikati hapo, kutwa nzima, mzee alikuwa na mimi. Na mimi, kama nilivyosema, simgusi.

Kazi tulimpa, maana hakuwa mtu wa kukaa bure. Tulimwekea kiti kando ya mikeka ya kahawa, tukampa fimbo ndefu afukuze kuku. Kiti kiliwekwa chini ya mgomba mmoja mkubwa wenye kivuli kizuri. Lakini kivuli kinahama, na kiti chenye mtu kinahamishwaje usipomgusa mtu? Kufika saa sita jua lilikuwa limemkalia utosini. Nilisimamisha miti, nikatundika mkeka mkuukuu juu yake. Kesho yake nilimsikia akimwambia mwanawe, "Mkamwana amenijengea nyumba." Lo! Siku hiyo nilipika huku naimba.

Sasa, kibuyu. Kila asubuhi nilimwandalia kinywaji kwenye kibuyu kidogo alichokuwa anakipenda tangu enzi za mama mkwe. Nilikamua ndizi mbivu kwa nyasi, nikapata ile juisi tamu ambayo haijachacha, tunayoiita omuramba, nikaizimua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Nikatia mrija. Nikakiweka chini upande wa mkono wake wa kulia, nikarudi nyuma, nikapiga magoti. Jua la kiangazi cha Karagwe mnalijua, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Nilijua mtu aliyekaa nje kutwa lazima anywe.

Na jioni nikija kukichukua, kibuyu kitupu! Mrija umelala juu yake vizuri, na chenyewe chepesi. Nilikuwa nakitikisa sikioni nisikie kama kuna kilichobaki. Hakuna. Jamani, mnaweza mkaona ni jambo dogo, lakini mimi niliyeulizwa nitapika nini, niliondoka pale kama niliyevishwa nguo mpya. Na shemeji, ambaye ni mtani wangu, nilimchokoza: "Umeona mtoto wa vibarua anavyomnywesha baba yako?"

"Nimeona," akasema. "Mama yangu mwenyewe alikuwa anarudishiwa nusu. Wewe umemroga mzee wetu."

"Nimroge kwa omuramba?"

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo. Ukimaliza kwake unitengenezee na mimi."

Basi nikabadilisha kibuyu. Nikatoa kile kidogo, nikaleta kikubwa. Nacho jioni kikarudi kitupu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Kama kibuyu kingerudi kimejaa, hata mara moja, ningeuliza. Ningepiga kelele, maana mdomo ninao. Ningesema mzee hanywi, mzee atakauka. Lakini kibuyu kilikuwa kitupu, na mimi nikaamini kibuyu kuliko nilivyoyaamini macho yangu.

Kwa sababu macho yalikuwa yanaona. Niliona midomo yake imepasuka, nikasema ni vumbi. Nikamwachia samli kwenye kijikopo ajipake. Niliona macho yake yameingia ndani, nikasema ni uzee. Sauti yake ikawa nzito, ulimi unagota mdomoni kama unamng'ang'ania, nikasema labda ni meno. Akawa anasinzia kabla ya saa nne asubuhi. Kuku wakawa wanatembea juu ya kahawa kama wako kwao, na fimbo iko mapajani pake. Nilitoka jikoni nikawafukuza mimi, nikamsikitikia, basi. Kila kitu nilikipatia jina lake, kila kimoja peke yake.

Kuna na hili, ambalo sikumwambia mtu siku ile. Mchana mmoja nilikuwa nafagia uwanja, nikamsikia ananiita. Hakuniita mkamwana. Aliniita kwa namna alivyokuwa akimwita mke wake, akaniambia nije nikae karibu naye, mbona nimekaa mbali muda mrefu hivyo. Mungu wangu! Nilitupa ufagio nikakimbilia jikoni, nikafunga mlango, nikamkumbatia mtoto. Baba mkwe kumwita mkamwana namna ile! Nilifikiri nikimwambia shemeji itakuwa fedheha kwa mzee, na kwangu pia. Nikafunga mdomo. Jioni alikuwa kimya tu, na kibuyu kilikuwa kitupu.

Upande wa pili, shemeji naye alikuwa na yake. Yeye ndiye aliyempeleka chooni, na wakati mwingine, mzee akishindwa kutembea, alimshikia kopo. Aliona kilichotoka. Lakini mwanamume atamwambiaje mke wa kaka yake habari za mkojo wa baba mkwe wake? Tulitaniana juu ya kila kitu, mpaka mambo ya chumbani, lakini hilo halikutamkika. Basi yeye akabaki na lake, mimi nikabaki na langu, na mzee amekaa katikati yetu anakauka.

Mtoto wangu ndiye aliyetuonyesha. Alikuwa amejifunza kutambaa na alipenda kwenda chini ya kiti cha babu yake. Siku hiyo nilikuwa nageuza kahawa kwenye mikeka, nikamwona anarudi kwangu na viganja vimejaa matope. Anavilamba. Nikamnyang'anya mikono nimfute, kisha nikasimama. Matope? Kiangazi kile kilima kizima kilikuwa vumbi, hata njia ya kisimani ilipasuka. Matope yametoka wapi?

Nilikwenda mpaka kwenye ule mgomba. Nikafunua majani makavu yaliyofunika shina upande wa mkono wa kulia wa mzee. Udongo ulikuwa umelowa, mweusi, na sisimizi wamejaa kwa ule utamu wa ndizi. Nyuki wawili watatu wanazunguka. Nikainua macho nikauona mgomba wenyewe: majani ya wenzake wote yamejikunja kwa jua, yake yamesimama kijani. Kibuyu kilikuwa pale pale chini na tayari kilikuwa kitupu, na saa sita ilikuwa haijafika.

Nilihisi kama nimepigwa kofi mbele za watu. La kwanza lililonijia ni lile neno la zamani: mtoto wa vibarua atanipikia nini mimi. Kumbe hajawahi kunywa! Kumbe miezi yote hii anamwagia mgomba! Hasira ilinipanda, nikageuka, nikamtazama machoni, mimi mkamwana, nikasema kwa sauti, "Baba, kwa nini?"

Hakujibu. Kichwa kilikuwa kimelala begani. Nikaita tena, hakujibu. Nikaona pumzi zake ni za haraka na fupi, na uso umekuwa wa rangi ya majivu. Hasira yote ikaniisha.

Kliniki ya watoto walitufundisha jambo. Mtoto akiharisha, mfinye ngozi ya tumbo taratibu kwa vidole viwili, kisha iachie. Ikirudi upesi, endelea kumpa maji na kumnyonyesha. Ikibaki imesimama, mlete usimalize hata kufua. Tulijifunza kwa watoto, tukacheka, tukafinyana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyetuambia kwamba mzee naye hukauka. Mimi nilipiga magoti, nikanyoosha mkono, nikagusa mkono wa baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Ulikuwa wa moto na mkavu kama karatasi. Nikamfinya ngozi. Ikabaki imesimama. Ngozi ya mzee hailingani na ya mtoto, najua hilo sasa, ila nilimfinya na kifuani, chini ya shingo, napo ikabaki imesimama. Nikaanza kupiga yowe.

Wanaume walitoka kwenye mashamba yao ya kahawa, shemeji mbele. Walifunga machela kwa miti na kamba, wakamlaza, wakapokezana mabegani kwenda hospitali ya misheni. Mimi nilifuata nyuma, mtoto mgongoni. Sijui ni nini kilinifanya nipite jikoni nikachukue kile kibuyu kidogo cha zamani. Kikubwa sikutaka hata kukiona.

Pale hospitali nesi alitukalisha kwenye benchi, mimi na shemeji, akauliza maswali ya kawaida tu. Alikuwa mama wa makamo, mpole. "Kwa siku anakunywa kiasi gani?"

Nikajibu, "Nilidhani kibuyu kizima. Kumbe hanywi. Anamwaga."

"Na mkojo wake? Anakojoa mara ngapi? Una rangi gani?"

Nilitazama miguu yangu. Shemeji alitazama yake. Nesi akarudia swali, na sauti ilikuwa imepanda kidogo. Ndipo shemeji akaanza kusema, uso ameugeuzia ukutani, "Mwanzo ulikuwa kama chai ya rangi. Halafu ukawa kama kahawa. Kidogo tu. Hivi karibuni, siku nyingine, haukutoka kabisa."

Nikageuka kumtazama. "Hukuniambia, shemeji."

"Ningekwambiaje?" akasema. "Wewe, shemeji, ningekwambiaje?"

Nesi alitutazama kwa zamu. Hakutugombeza. Angetugombeza ingekuwa nafuu. Alieleza kwamba mtu akikosa maji ndiyo huwa hivyo: mkojo unakolea kisha unakatika, mdomo unakauka, macho yanaingia ndani, kichwa kinachanganya watu na miaka. Hapo nikakumbuka ule mchana aliponiita kama mke wake nikamfungia mlango. Alikuwa na kiu, masikini ya Mungu. Alikuwa anamwita mkewe amletee maji, mtu pekee ambaye hakumwonea haya.

Walimtundikia dripu. Shemeji akaondoka kwenda kutafuta namna ya kumpelekea kaka yake habari Bukoba. Katika wodi ile mgonjwa anauguzwa na wa kwake, na wa kwake aliyebaki ni mimi. Nesi akanipa chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, akaniambia niiweke chini ya kitanda. "Akitaka kukojoa mshikie. Na akikojoa tu, hata kidogo, uje unikimbilie uniambie. Hiyo ndiyo dalili tunayoingoja. Akikojoa, atapona."

Fikirini. Kitu ambacho desturi nzima ilijengwa nisikione, ndicho hicho nilichoambiwa nikisubiri kama mtu anayesubiri mvua. Nilikaa pale kwenye kigoda, mtoto mgongoni, namwomba Mungu mkojo wa baba mkwe. Niliomba kwa Kinyambo cha huku Karagwe, nikaomba kwa Kinyarwanda cha mama yangu, nisije nikakosea lugha.

Kufika alasiri ya siku iliyofuata dripu zilikuwa zimemrudisha kidogo. Alifungua macho, akaniona, akajua ni mimi. Akaiona na chupa mkononi mwangu. Akageuza uso ukutani.

"Baba," nikamwambia, "hapa hakuna mkamwana. Hapa kuna mgonjwa na mtu wa kumuuguza. Mimi nimezaliwa na vibarua, sina mikono ya kuchagua kazi."

Mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa analia, ila machozi hayakutoka. Uso unalia na macho makavu. Nimeona misiba mingi tangu hapo, sijaona kilio kama kile.

"Ningekunywa," akasema taratibu, ulimi bado mzito, "ningetaka kutoka. Na mwanangu yuko shambani. Ungenishika wewe. Mkamwana anishike mimi, anifungue nguo? Ungebaki na aibu gani maisha yako yote?"

"Basi si ungekiacha tu kimejaa, baba? Kwa nini umwage?"

Akageuka, akanitazama machoni. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana. "Kingerudi kimejaa," akasema, "ungesema nimekidharau. Ungesema bado nakuita mtoto wa vibarua."

Nilikuwa na maneno mengi tangu siku ya posa, nilikuwa nimeyapanga yote, na hakuna hata moja lililonifaa. Nilimshika mkono tu, na hakuuondoa.

Jioni ile akaniambia neno ambalo ningetoa chochote nilisikie wiki moja kabla. Akasema, "Mwanangu, nina kiu. Nipe maji."

Niliruka. Nilichukua kibuyu, na nesi akanizuia mlangoni. Akaniambia maji yote aliyotiwa kwa dripu bado yako ndani, hayajatoka hata tone. Figo zimekaa kavu muda mrefu mno, zimelala. Wakizidi kumjaza wakati hayatoki, yatapanda mapafuni. Nimloweshe midomo kwa kitambaa tu mpaka mkojo utoke. Nilimwelewa. Alikuwa na haki. Lakini mwambieni mtu ambaye kiangazi kizima amebeba kibuyu asubuhi na jioni, akaja kuombwa maji kwa mdomo, kwamba sasa asitoe! Nilirudi kitandani, nikachovya ncha ya kitenge changu, nikamgusisha midomoni. Akainyonya kama mtoto mchanga. "Ongeza," akasema. Nikachovya tena kidogo. "Ongeza, mwanangu. Mbona unaninyima?"

"Sikunyimi, baba. Kojoa tu, nitakupa mto mzima wa Kagera."

Akatabasamu, nakumbuka. Mimi ndiye niliyemfanya atabasamu. Na chupa ilikuwa kavu.

Kulipokucha nesi alikuja akamshika mkono, akamtazama miguu iliyokuwa imeanza kuvimba, akamsikiliza kifua. Akainama akaitazama chupa chini ya kitanda. Kisha akaniambia, polepole, "Mpe maji, mama. Mpe anachotaka."

Jamani, nilivyofurahi! Nilidhani amepata nafuu. Nilikimbia na kibuyu hadi jikoni kwa wauguzaji, kule nyuma, nilikokuwa nimechemsha maji nikayafunika yapoe. Wanawake walikuwa wanakoroga uji. Nikawaambia, "Ameruhusiwa! Baba mkwe wangu ameruhusiwa kunywa!" Mmoja, mtu mzima, aliacha mwiko ndani ya sufuria akanitazama, kisha akaangalia chini. Nikatazama na wengine. Wote walikuwa wanaangalia chini.

Nilijaza kibuyu. Njia ya kurudi niliitembea taratibu, nisimwage.

Sikukaa kwenye kigoda. Nilikaa kitandani pake, nikamwinua kichwa nikakilaza begani kwangu, mkamwana na baba mkwe, mchana kweupe, wodi nzima inatazama. Nikamtia mrija mdomoni. Alikunywa kidogo, akapumzika. Akakunja kidole kuniita, nikamrudishia mrija, akanywa tena. Jua lilisogea dirishani likaja mpaka usoni pake, nikamsogeza mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikamweka kivulini. Alikunywa hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka mrija ukaanza kukoroma chini ya kibuyu.

Nilikaa naye vile vile mpaka kichwa kikawa kizito begani na pumzi yake sikuisikia tena. Halafu nikakichukua kibuyu, nikakitikisa sikioni kama nilivyozoea. Mara hii kilikuwa kitupu kweli.